Jirani anamfunga mtoto wake kwa kanga: nikamshitaki au ninyamaze?

*"Shikamoo mama. Naishi Morogoro mjini, ni fundi cherehani. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna mama anayeuza vitumbua stendi. Ana binti wa miaka 11 ambaye haongei vizuri, anatembea kwa kuyumba na ana kifafa. Mama akitoka alfajiri humfunga kiunoni kwa kanga kwenye tendegu la kitanda mpaka arudi, kama saa nne asubuhi. Niligundua siku niliyokwenda kuazima ndoo, nikamsikia anagonga ukuta. Mjumbe anasema twende polisi. Shemeji yangu anasema ule ni mtihani wa mwenyewe, tusiuingilie. Wengine wanasema alimtoa mtoto kafara ili biashara ichangamke. Mimi silali. Je, sisi majirani tuna wajibu wowote hapa, au najitia kimbelembele?"*

Marahaba, mwanangu. Mtu aliyesikia mtoto akigonga ukuta halafu usingizi ukampaa hajitii kimbelembele, kwa hiyo hilo tuliweke kando. Ninavyokusoma, kinachokutesa ni kwamba unaona mambo mawili kwa pamoja: kumfunga mtoto ni vibaya, na huyo mama humwoni kuwa mtu mbaya. Uko sahihi kwa yote mawili. Ndiyo maana jibu langu litakuwa refu kuliko la mjumbe.

Tuanze na la kafara, tulimalize. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii zaidi ya miaka thelathini na maneno hayo nimeyasikia juu ya wauza samaki, wenye daladala, hata mama ntilie mwenye sufuria mbili. Kafara gani hiyo inayomwacha mtu aamke usiku wa manane kuumua unga wa mchele? Siwezi kumpima binti kwa barua, lakini hali kama unayoieleza, kusema kwa shida, kuyumba, kuanguka, mara nyingi ni ubongo ulioumia mapema: mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, au alipata manjano makali siku za mwanzo yasitibiwe, au malaria kali, au homa ya uti wa mgongo. Ni jeraha, kama mguu uliovunjika ukaunga vibaya. Jeraha lenyewe la ubongo haliendelei kukua, ila mwili unaolibeba unaweza kuharibika zaidi usipotunzwa, na hapo ndipo wengi wanapodhani "ugonjwa umezidi".

Kifafa nacho hakiambukizi, si kwa mate, si kwa povu. Nalisema wazi kwa sababu najua majirani wangapi wanakimbia mtu akianguka. Mkoani kwenu huko huko, milimani Mahenge, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwei, alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Aliwakuta wagonjwa waliotengwa na wengi wenye makovu makubwa ya moto: walianguka jikoni, na waliokuwa karibu wakaogopa kuwagusa. Ugonjwa uliwaangusha, ila muda waliokaa motoni waliongezewa na woga wa watu. Walipopata vidonge na mtu wa kuwafuatilia, wengi walirudi mashambani na kwenye familia zao. Hiyo ni zaidi ya miaka sitini iliyopita, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu hadi 70 katika kila 100 wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mama huyo, kabla ya kanga, lingekuwa: binti anatumia dawa gani, na mara ya mwisho alizichukua lini? Nimeona kaya ambako kamba ilifunguliwa na vidonge tu.

Sasa tuje kwenye kanga yenyewe.

Mama hamfungi kwa kumchukia. Anaogopa vitu viwili, moto na barabara. Huenda binti alishaangukia jiko mara moja, au alikutwa njia panda magari yakipiga honi. Baada ya siku hiyo mama alipiga hesabu. Vitumbua vinauzwa kati ya saa kumi na mbili na saa nne; nje ya hapo hakuna mnunuzi. Asipouza, jioni hakuna ugali. Akienda naye stendi, kuna mafuta yanayochemka, na mtoto anaweza kuanguka wakati wowote. Baba sijui yuko wapi, hukumtaja, na kutotajwa kwake nimekuzoea. Zinabaki saa nne au tano ambazo anatakiwa mtu pale ndani, na mtu hayupo. Kanga imekalia nafasi ya mtu. Ukiifungua ukaondoka, umemfungulia njia ya barabarani, hujamsaidia.

Lakini usinielewe kwamba naitetea. Mtoto mwenye kifafa aliyefungwa anaweza kuanguka, kanga ikapanda kutoka kiunoni hadi kifuani, hadi shingoni. Anajisaidia pale pale, ngozi inachubuka. Viungo visivyonyooshwa vinakakamaa, misuli inajivuta, na binti anayeyumba leo kesho hatembei. Nyumba ikishika moto hatoki. Na kuna la tano ambalo watu hawapendi nilitamke: ana miaka 11, anakaribia kuvunja ungo, haongei vizuri, amefungwa, na mtaa mzima unajua ni saa ngapi mama hayupo. Mtu mbaya naye anaishi mtaani. Katika kesi zilizonifikia za mabinti wenye ulemavu kuingiliwa, aliyefanya alikuwa karibu kila mara mtu anayejua ratiba ya nyumba. Hili peke yake linatosha kukufanya uende wiki hii, usingoje mwezi uishe.

Mjumbe anataka polisi. Sheria iko upande wake kwa sehemu. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto mwenye ulemavu kutendewa kwa namna inayomvunjia utu, na inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa akijua haki za mtoto zinavunjwa, au akijua mzazi anaweza kumtunza mtoto lakini anakataa au anapuuza. Yaangalie maneno hayo vizuri: anaweza lakini anakataa. Na taarifa inapelekwa serikali za mitaa, ambako kuna afisa ustawi wa jamii. Waliotunga sheria walijua tofauti ya mzazi mkatili na mzazi aliyezidiwa, japo sisi mtaani tunaisahau.

Niliwahi kuisahau hata mimi. Nikiwa bado mgeni kazini, katika wilaya ambayo sitaitaja, niliambiwa kuna mvulana amefungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Nilikwenda na askari. Baba alilala ndani siku mbili, picha zikapigwa, watu wakazomea. Alipotoka, familia ilihama usiku. Tuliwatafuta miezi mingi. Walipopatikana kijiji cha mbali, mnyororo ulikuwa umehamia ndani ya chumba kisicho na dirisha, na dawa za kifafa zilikatika tangu siku ile ya kuhama. Nilimwokoa kwa siku mbili nikampoteza kwa mwaka. Tangu hapo sitangulizi askari pale ambapo mzazi bado anafungua mlango.

Kuna hali ambazo hazisubiri mazungumzo. Ukiona majeraha ya kupigwa, mtoto amekonda kwa njaa huku wengine wa nyumba wameshiba, damu au maumivu sehemu za siri, kamba imepita shingoni, au ukisikia ndugu anazungumzia "kumpumzisha", usiende kwa mama kwanza. Piga 116, namba ya simu kwa ajili ya watoto, haina malipo, au nenda moja kwa moja kwa afisa ustawi na dawati la jinsia na watoto polisi. Hapo mjumbe atakuwa na haki na mimi nitakuwa nyuma yake.

Shemeji yako anasema ni mtihani wa mwenyewe. Nimesikia kauli hiyo misikitini na makanisani, na kila mara hushangaa, kwa sababu vitabu vyenyewe havisemi hivyo. Waislamu wanajua Sura ya Abasa iliteremka kwa sababu ya kipofu aliyekunjiwa uso, na kwamba kipofu yule, Ibn Umm Maktum, alikuja kuwa muadhini. Wakristo wanajua habari ya mtu aliyezaliwa haoni, wanafunzi wakauliza nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, wakajibiwa si yeye wala wazazi. Kama ni mtihani, basi karatasi imegawiwa mtaa mzima na shemeji yako bado hajaandika kitu.

Na wapo wenye nia njema watakaokwambia msaidieni, maana hujafa hujaumbika. Methali hiyo naiheshimu, imezuia vicheko vingi. Ila ina kasoro moja ninayoiona kazini: inakufanya umtendee mwenzio wema kwa kuogopa kwamba kesho itakuwa zamu yako. Woga huo hukutoa sarafu mfukoni, ukaiweka kiganjani mwa mtu, ukaenda zako umepata nafuu. Binti huyu anadai kwenu hata kama nyote mtakufa na viungo vyenu vyote. Anadai kwa sababu ni mtoto wa mtaa huo, kama mwanao. Hebu jiulize, mtaani anaitwa nani? Barua yako haina jina lake, na najua hukutaka kumtangaza, umefanya vyema. Lakini nina wasiwasi kwamba wengi hapo wanamjua kama "yule wa mama vitumbua". Siku hizi tunabishana sana kama tuseme mlemavu au mtu mwenye ulemavu, na kwa nini Kiswahili kimemweka kiwete na kipofu kwenye ngeli moja na kiti na kijiko. Mjadala mzuri, ingawa viziwi wenyewe chama chao wamekiita Chama cha Viziwi Tanzania na hawajafa kwa hilo. Mimi ningeanza na jina lake alilopewa siku alipozaliwa.

Basi mnadaiwa nini hasa? Jibu langu limekuwa lile lile kwa miaka mingi: saa. Sadaka ya mchele ni njema, lakini mchele haukai na mtoto. Mama huyu ana upungufu wa saa nne kwa siku. Mkono mmoja haulei mwana, tunasema kwenye harusi na vikao, halafu tunamwachia mama mwenye mikono miwili, mmoja uko kwenye kikaango.

Njia ziko kadhaa, na hakuna isiyo na walakini.

Majirani mkipokezana, ni njia ya haraka. Nikwambie ukweli wake: zamu za watu kumi huanza kwa shangwe na hufa ndani ya wiki tatu. Mmoja ana msiba, mwingine kasahau, siku hiyo mama anachelewa stendi na kanga inarudi. Zilizodumu nilizoziona zilikuwa za watu wawili au watatu, saa zinazojulikana. Wewe una cherehani. Je, binti anaweza kukaa kwenye mkeka karibu nawe saa mbili, mara tatu kwa wiki? Usiseme ndiyo kwa huruma ya leo. Kama huwezi, kuchangishana mkamlipa bibi mmoja wa jirani kiasi kidogo kwa wiki ni imara kuliko kujitolea. Malipo hayapunguzi utu wa kazi hiyo.

Nyumba yenyewe inaweza kubadilishwa. Naupenda mlango nusu: seremala anaukata mlango katikati, sehemu ya chini inafungwa, ya juu inabaki wazi. Mtoto hatoki, ila anaona watu, anaonwa, anasalimiwa. Ndani kuna mkeka au godoro chini, hakuna meza ya kona kali, jiko limeondoka kabisa. Mlango huo unafaa tu kama nje kuna mtu mwenye macho. Bila mtu ni kanga ya mbao. Kama shida yake ni kukaa, kuna viti vinavyofinyangwa kwa maboksi na karatasi kuukuu kwa gundi ya uji wa unga, ufundi ulioanzia Zimbabwe ukafika kwetu. Vikikauka ni vigumu kama ubao. Waulize wataalamu wa mazoezi ya viungo hospitalini, wengine wanavijua.

Biashara nayo inaweza kusogea. Je, vitumbua haviwezi kuuzwa mtaani, mkaacha kuvinunua kwingine? Faida itashuka, stendi ni stendi, na huo ndio mzigo ambao mtaa unaweza kuubeba kwa kula tu. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri ipo, ile ya asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambayo 2 kati yake zimetengwa kwa watu wenye ulemavu, lakini mkopo unarudishwa. Mtu ambaye hana wa kumkalia mtoto akikopa, anaongeza deni juu ya uchovu. Tatueni saa kwanza. Kama kaya ni maskini kabisa, mwenyekiti wa mtaa aulizwe kama imeandikishwa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini.

Shule watu huiweka mwisho, mimi ningeiweka juu. Miaka 11 si kuchelewa. Zipo shule za msingi za serikali zenye kitengo cha elimu maalumu, na kifafa kinachotibiwa hakimzuii mtoto kukaa darasani. Shule ni saa tano za macho ya watu wazima, kila siku, bila kumbembeleza jirani. Ugumu ni umbali na usafiri, na walimu wachache kuliko watoto. Mwulize afisa elimu wa kata ni shule ipi iliyo karibu.

Wengine watawaambia mpelekeni kituoni. Vituo vingine vinafanya kazi nzuri, na mama akiugua au akifa huenda ndiyo njia iliyobaki. Ila kumtoa binti kwa mama anayempenda, kwa sababu tu mtaa haukupata saa nne, ni kulipa deni la watu wazima kwa mtoto. Na kituoni akidhurika hatakuwa na jirani wa kusikia akigonga ukuta.

Msiibebe serikali mgongoni lakini. Ujirani mwema umekuwa kisingizio kizuri sana cha ofisi kukaa kimya. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inataka kuwe na kamati ya masuala hayo hadi ngazi ya kijiji na mtaa. Kwenye mitaa mingi kamati hiyo ipo kwenye karatasi tu, wajumbe wenyewe hawajui kwamba ni wajumbe. Mjumbe wako mwenye hamu ya kwenda polisi, mpe kazi hiyo: amuulize mwenyekiti wa mtaa, mbele ya watu, kamati ni akina nani na walikutana lini.

Sasa utaingiaje mlangoni? Usiende alfajiri anapotoka wala saa nne anaporudi amechoka. Nenda alasiri, peke yako, ununue hata vya kesho. Usianze na kanga. Mwambie, "Siku ile nilimsikia binti yako, nikawaza wewe unapumzika saa ngapi." Halafu nyamaza. Anaweza kulia, anaweza kukufukuza. Akikufukuza rudi baada ya siku mbili tatu. Wengi hufukuza mara ya kwanza kwa aibu. Akikufukuza tena na hali haibadiliki, mpelekee habari afisa ustawi wa jamii wa kata au wa halmashauri, kwa jina lako, na mwombe aje bila sare za mtu yeyote nyuma yake. Hapo hujamsaliti.

Kabla hujaachiwa binti hata kwa nusu saa, jifunze akianguka ufanye nini. Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, legeza nguo shingoni, tazama saa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimpe maji. Ikipita dakika tano hajatulia, au akitulia kisha akaanguka tena kabla hajazinduka, apelekwe hospitali mara moja. Na dawa zisikatwe ghafla hata akikaa mwezi bila kuanguka. Kukatwa kwa pupa kunaweza kuleta mfululizo wa kuanguka unaoua.

Kliniki ya kifafa kwenye hospitali nyingi huwa pamoja na ya afya ya akili, kwa siku maalumu za wiki. Pita wewe kwanza uulize dirishani ni siku gani, mama asije akapoteza mauzo ya asubuhi nzima bure. Muulizie pia afisa ustawi wa hospitali utaratibu wa msamaha kwa wasio na uwezo, maana miaka 11 imeshapita umri wa kutibiwa bure. Nunua daftari dogo la shule. Kila akianguka andikeni tarehe, saa, dakika ngapi, na alikuwa anafanya nini. Daktari atalifurahia kuliko maelezo ya nusu saa. Jina la binti liandikwe juu ya jalada, lote, kwa herufi kubwa.